Munkoyo: Utamu Usiotoka Dukani



Leo sitasema juu ya kupanda mahindi kwa mistari, wala juu ya mbolea. Nimeleta chungu kimoja, makopo mane na chupa moja ya sukre. Leo tutaonja. Mutu asiyejua kusoma anajua kuonja, na ulimi hausahau upesi. Kama munasoma maneno haya nyumbani, iteni jirani zenu, mufanye vilevile kopo kwa kopo. Maneno matupu juu ya kinywaji hayamalizi kiu.

Kinywaji chenyewe munakijua. Ni munkoyo. Wankambo wetu waliinywa kisha kulima, na leo tunainywa bado, hapa Katanga na ngambo ya mupaka katika Zambia, kwa jina lile lile. Mutaniuliza: "Huyu anataka kutufundisha munkoyo, nasi tuliifundishwa na mama zetu?" Munasema kweli. Sikuja kufundisha wamama kupika. Nimekuja kwa sababu ya mambo matatu ninayoyaona mukini na sokoni.

La kwanza: watu wengine wanatia sukari katika munkoyo. La pili: wengine wanaitia katika vyombo vya hatari. La tatu: muti wa munkoyo unaanza kuwa mbali, mutu anatembea njia ndefu mbele ya kuupata. Mambo haya matatu yana shina moja. Hatujui vizuri utamu wa munkoyo unatoka wapi. Mutu akijua pahali utamu unapotoka, ataulinda.

Kopo la kwanza: uji mutupu

Huu ni uji wa unga wa mahindi, haukutiwa kitu. Onjeni. Munasikia nini? Munasikia unga na moto. Utamu haupo.

Sasa twaeni tonge dogo la bukari, mulitie katika kinywa, lakini musimeze. Mutafune polepole kwa dakika moja au mbili. Mungojee. Utamu kidogo unakuja, sivyo? Nani ametia sukari? Hakuna mutu. Utamu ulikuwa ndani ya unga tangu shambani.

Sikilizeni sababu yake. Unga ni kama shanga zilizotungwa katika uzi murefu. Kila shanga ni sukari, lakini kwa kuwa zimefungwa pamoja, ulimi hauzitambui. Ndani ya mate yetu kuna kitu kinachokata uzi ule. Wenye elimu wanakiita amilasi. Uzi ukikatwa, shanga zinaachana, na ulimi unasema: "Hii ni tamu."

Kitu hiki si cha mate tu. Kinapatikana vilevile katika mbegu inayoota. Ndiyo sababu mama anayepika pombe analowanisha ulezi au mutama, anaungojea uchipuke, ndipo anaukausha na kuusaga. Tena kitu hiki kiko ndani ya muzizi wa munkoyo, na mule ni kingi sana.

Kopo la pili: kisha kutia muzizi

Uji huu ulikuwa muzito asubuhi, munashuhudia wenyewe. Tulitia ndani yake mizizi iliyopondwa, tukaufunika. Tazameni sasa: unakwenda kama maji, lakini hakuna mutu aliyeongeza maji. Muzizi umekata nyuzi za unga, basi unga hauwezi tena kushika maji kama mbele.

Onjeni. Ni tamu, kama maji ya bua la mahindi mabichi. Kisha utamu, munasikia harufu ya muzizi wenyewe, harufu ya udongo na ya ganda la muti. Mushike harufu ile vizuri katika pua. Munkoyo isiyokuwa nayo, uliza ilipikwa na nini.

Mara nyingine mama anasema: "Munkoyo yangu leo imekataa." Uji umebaki muzito, hauna utamu, naye anaanza kufikiri ni jirani gani aliyepita karibu na chungu. Mama, usitafute mutu wa kushitaki. Tafuta moto. Kitu kinachokata uzi kinakufa ndani ya uji unaochemka. Ukitia muzizi wakati uji ungali unatokota, umeupika kama muhogo, kazi yake imekwisha. Tena uji ukipoa kabisa, muzizi unafanya kazi polepole sana. Wakati wake ni katikati: uji ni wa moto, lakini tone likianguka juu ya mukono halikuunguzi.

Kopo la tatu: kesho yake

Chungu hiki kilipikwa jana. Onjeni polepole. Utamu upo bado, lakini si peke yake. Uchachu umeingia, kama wa limau lililotiwa maji mengi. Tena kuna kitu kinachochoma ulimi kidogo na kupanda puani. Ile ni hewa, sawasawa na hewa ya chupa ya sukre. Katika kiwanda hewa inatiwa kwa mashini. Hapa hakuna mashini. Vijidudu vidogo, ambavyo macho hayavioni, vimekula sehemu ya sukari na kutoa hewa ile.

Vijidudu hivyo ni vya namna mbili. Namna ya kwanza inaleta uchachu. Ni jamii moja na ile inayogandisha maziwa. Hii ni rafiki yetu, kwa sababu uchachu unafukuza vijidudu vingi vibaya. Namna ya pili ni chachu, kama ile ya mukate. Inaleta hewa, na ikikaa siku nyingi inaleta pombe.

Kopo hili la tatu ndilo munkoyo nzuri. Utamu, uchachu na hewa vinakwenda pamoja, hakuna kinachopiga kelele juu ya kingine. Kumbukeni vilevile kwamba munkoyo tamu isiyokuwa na uchachu hata kidogo haijalindwa bado. Uji wenye vuguvugu na sukari ni chakula cha kila kijidudu, kizuri na kibaya. Musiuzishe munkoyo kabla uchachu haujafika.

Kopo la ine: siku ya tatu na ya ine

Onjeni kidogo tu. Utamu umekwenda. Uchachu ni mukali, na kifua kinasikia moto. Sukari imeliwa, na pombe imeanza kuingia. Muzee anayetaka kuinywa hivi anajua anachokinywa. Lakini musimupe mutoto, wala mwanamuke mwenye mimba, wala mutu anayekwenda kazini kwenye mashini. Tena musimudanganye munuzi kwa kumwambia kwamba ni ya jana.

Chupa ya sukre

Sasa tufungue chupa. Onjeni kisha munkoyo ya kopo la tatu. Utamu unapiga ulimi mara moja, na unabaki juu ya meno. Chupa ya sentilita 33 kwa kawaida ina sukari ya gramu 35 hivi. Nimeipima hapa juu ya karatasi, mutazame: ni vijiko vidogo vya chai karibu 8. Nani kati yenu anaweza kutia vijiko 8 katika kopo moja la chai na kuinywa kila siku? Meno yataoza, na mwili utaona taabu.

Sisemi kwamba sukre ni sumu. Siku ya ndoa munywe kwa furaha. Wala sisemi kwamba munkoyo haina sukari; ulimi wenu umekwisha kuisikia. Mutu mwenye ugonjwa wa sukari aulize muganga mbele ya kuinywa. Nasema hili tu: sukari ya chupa ilinunuliwa mbali, lakini utamu wa munkoyo ulitoka katika mahindi yenu. Falanga ya chupa inaondoka mukini. Falanga ya munkoyo inabaki.

Juu ya wale wanaotia sukari

Muuzishaji anatia sukari kwa sababu alipunguza mizizi, ao alitia mizizi katika uji wa moto sana, ao hakutaka kungoja. Sukari inafunika kosa lake kama kitambaa kizuri juu ya kidonda. Lakini chachu inapenda sukari ile sana. Asubuhi kinywaji ni kitamu; muchana chini ya jua bidoni inavimba; jioni ni pombe mbaya. Mwenye kuuzisha amepoteza feza ya sukari, tena amepoteza wanunuzi.

Namna ya kumutambua ni hii. Weka kinywaji juu ya ulimi, usimeze mara moja. Utamu wa muzizi unakuja taratibu pamoja na uchachu, kisha unakwenda. Utamu wa sukari unafika mbele ya vyote na unakataa kuondoka.

Namna ya kupika

Kila mama ana mukono wake. Kwa yule anayeanza, kipimo hiki kinafaa.

1. Twaa mizizi unayoijua hakika. Muzizi usioujua usiutie katika chungu, hata kama unafanana. Ioshe mpaka udongo utoke wote, uiponde mpaka iwe nyuzi nyuzi, uikaushe juani juu ya kitu safi.

2. Chemusha maji safi lita 10. Koroga unga wa mahindi kilo 1 katika maji baridi kidogo, umimine ndani, upike karibu saa moja huku ukikoroga. Unga usioiva vizuri hautoi utamu wote.

3. Ondoa chungu katika moto. Ungoje mpaka tone lisiunguze mukono.

4. Tia konzi mbili za mizizi iliyopondwa. Koroga, ufunike.

5. Uji ukiwa mwepesi na mutamu, uache mizizi ndani, uweke chungu pahali pa kivuli mpaka kesho.

6. Onja. Uchachu ukifika, chuja kwa kitambaa kilichochemushwa na kukaushwa.

7. Munkoyo ikiwa nzito, ongeza maji yaliyochemushwa na kupoa. Usiongeze maji mabichi hata kidogo. Ukifunga chupa, usiijaze mpaka juu na usiikaze sana. Hewa inaweza kuipasua.

Vyombo na maji

Wababa na wamama, sehemu hii ni kubwa kuliko zote. Sisi tunakaa karibu na migodi. Tangu reli ilipofika Elisabethville mwaka wa 1910, muji ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi, kazi ya shaba imeleta vitu vingi katika inchi yetu. Imeleta vilevile mapipa na bidoni.

Munkoyo ni chachu, na uchachu unakula chuma. Twaeni musumari, muuweke katika munkoyo siku mbili, mutaonja ladha ya chuma katika kinywaji. Ndoo ya bati linalong'aa imepakwa zinki, na uchachu unaitoa zinki ile. Mutu akiinywa anasikia tumbo linamukata na anatapika. Chombo cha shaba ni vilevile. Tumieni chungu cha udongo, kibuyu, sufuria nzima isiyokwanguka, ao bidoni ya plastiki iliyotengenezwa kwa chakula.

Sasa sikilizeni juu ya bidoni. Katika migodi wanatumia asidi kali na dawa nyingine ili kutoa shaba na kobalti katika mawe. Vyombo vyake vinapokwisha kazi, vingine vinafika sokoni, vimeoshwa, vinang'aa, bei yake ndogo. Mama anaona bidoni nzuri ya lita 25 na anafurahi. Mama, plastiki inakunywa kile kilichowekwa ndani yake. Uioshe kwa sabuni, uioshe kwa muchanga na kwa maji ya moto, dawa inaweza kubaki, na uchachu wa munkoyo utaitoa tena, uitie katika kopo la mutoto wako. Bidoni ambayo hujui ilibeba nini, isibebe kitu cha kunywa. Usiitumie hata kwa maji. Afazali chombo kidogo unachokijua kuliko kikubwa usichokijua.

Juu ya maji ni neno lile lile. Kuchemusha kunaua vijidudu vya kolera, ugonjwa unaorudia mara nyingi katika Haut-Lomami, Tanganyika na Haut-Katanga. Basi chemusheni. Lakini moto hauondoi shaba wala kobalti wala asidi. Maji yanapopungua katika chungu, vitu vile vinabaki vyote, tena katika maji machache. Kama muto unapita chini ya mugodi ao chini ya pahali wanapooshea mawe, musipikie maji yake. Tembeeni mpaka kisima kilicho juu. Njia ni ndefu, najua, na anayebeba ndoo si mimi. Lakini munkoyo iliyopikwa vizuri kwa maji mabaya ni maji mabaya yenye utamu.

Muti wenyewe

Tumeonja, sasa twende porini.

Jina la munkoyo ni moja, lakini mimea ni zaidi ya mumoja. Wenye elimu ya mimea wanaiweka katika jamii tatu zinazoitwa Rhynchosia, Eminia na Vigna. Zote ni ndugu za maharagwe, na Vigna ni jamii ile ile ya kunde zenu. Tazameni maua yake na maganda yake, mutaona undugu ule.

Mutu anapochimba munkoyo, anachukua muzizi, ndiyo uzima wa muti. Anayevuna mahindi anaacha shamba. Anayechuna majani ya sombe anaacha shina. Lakini anayechimba muzizi wote anaacha shimo tupu. Zamani wachimbaji walikuwa wachache, na kila nyumba ilipika kwa siku ya kulima ao ya kilio. Leo muji wote unataka kunywa. Tena pori lenyewe linakatwa kwa makala, na migodi inafungua udongo. Kama tunaendelea hivi, watoto wenu watajua jina la munkoyo, lakini watanunua sukari ili kuipika.

Fanyeni hivi. Mukichimba, fungueni udongo upande mumoja tu. Kateni sehemu ya mizizi, muache iliyobaki pamoja na shina, kisha murudishe udongo na kuukanyaga. Muti mudogo muuache kabisa. Hauwezi kujaza chungu. Wakati maganda yanapokauka, muchume mbegu mbele hayajapasuka. Mbegu za mimea ya pori ya jamii hii mara nyingi zina ganda gumu. Muzikwangue kidogo juu ya jiwe, muziloweke usiku mumoja, mupande mustari mumoja kando ya shamba, pahali ambapo moto wa pori haufiki. Mustari mumoja tu, kwa kujaribu. Nyingine hazitaota. Zile zinazoota muzitie alama ya kijiti, musiziguse mpaka ziwe na nguvu.

Tena muzungumuze katika baraza ya kijiji. Mugawanye pori: upande huu tunachimba mwaka huu, upande ule unapumuzika. Mutu mumoja hawezi kulinda muti ambao wote wanauchimba.

Feza

Anayetaka kuuzisha ahesabu kwanza. Andika bei ya unga, ya makala, ya bidoni, ya safari mpaka muji, na siku zako ulizotembea kwa ajili ya mizizi. Wengi wanasahau siku zao, wanafikiri wamepata faida. Kisha uza munkoyo ya siku moja, katika chombo safi, karibu na kwako. Ngambo ya mupaka, katika Zambia, kinywaji cha mahindi kinachoitwa maheu kinatoka katika viwanda, ndani ya chupa zilizofungwa. Hivi munaona kwamba watu wa muji hawaoni haya kunywa mahindi. Wanataka tu kujua kwamba ni safi, na kwamba kopo la leo linafanana na kopo la jana.

Mwisho

Makopo yamekwisha. Mukumbuke maneno haya matano:

Utamu unatoka katika unga, na muzizi ndio unaoufungua.
Muzizi haupendi uji unaochemka.
Uchachu kwanza, kuuzisha kisha.
Bidoni usiyoijua, usiitie kinywaji.
Chimba sehemu, acha shina, rudisha udongo.

Mukirudi nyumbani, mupe watoto tonge la bukari na muwaambie walitafune bila kumeza, kama tulivyofanya hapa. Utamu ukifika, wataangalia macho yenu na kuuliza unatoka wapi. Hapo muwapeleke porini, muwaonyeshe muti wa munkoyo ungali umesimama.

 Mama mwenye chungu, chuja kile kilichobaki, na wazee wapewe kwanza.